Jina la mkimbizi lisafiri mpaka wapi ndipo apewe unga?

Goma – Kila mtu aliyewahi kupanga mstari kambini anayajua maneno mawili yanayofunga siku: "Rezo haina." Saa kumi na mbili asubuhi watu wako tayari, kadi mkononi. Saa nne mashini inawashwa. Saa tano inaacha kusoma. Mama mwenye mtoto mgongoni anaambiwa jina lake "halitoki", angoje, ama arudi kesho. Unga uko pale chini ya bashi, anauona kwa macho. Kadi anayo, kidole chake anacho. Kinachokosekana ni jibu kutoka kwa kompyuta iliyo mbali, katika nchi ambayo mama huyo hatakanyaga, na jibu limekwama njiani.

Watu wamezoea kulaumu antena, kulaumu mvua, kulaumu kampuni ya simu. Lakini rezo mbovu katika Kivu ya Kaskazini si habari mpya, kama vile barabara mbovu si habari mpya. Anayejenga kazi yake juu ya kitu ambacho kila mtu anajua kitakatika, kosa ni lake. Shida ya kweli ni uamuzi. Kuna watu waliokaa ofisini wakaamua kwamba data za wakaaji wa hapa zikae mbali, na kila hesabu inayowahusu ifanyiwe huko mbali. Uamuzi huo unakula siku za watu. Na la kushangaza ni hili: wale wanaotengeneza kompyuta zenyewe wameanza kuukataa uamuzi wa namna hiyo ndani ya mashini zao.

Jambo hilo linafaa lielezwe polepole, maana wengi hutishwa na maneno ya kompyuta ili wasiulize.

Ndani ya kompyuta mna vitu viwili vikubwa. Kuna kumbukumbu, ambamo data zinakaa, na kuna prosesa, inayofanya hesabu. Mpango wa kuvitenga hivi viwili uliandikwa mwaka 1945 na John von Neumann, mwanahesabu mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, na mpaka leo karibu kila kompyuta na kila simu inaufuata. Kumbukumbu ni depo, prosesa ni jiko. Maharagi yatoke depo, yapite mlangoni, yafike jikoni yapikwe, kisha sufuria irudi depo. Zamani jiko lilikuwa la polepole, kwa hiyo mlango haukumsumbua mtu. Kisha majiko yakawa makali mwaka kwa mwaka, na mlango ukabaki ule ule mwembamba. Mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee wa Chuo Kikuu cha Virginia waliandika onyo kwamba kompyuta zinaelekea kugonga ukuta: prosesa itakuwa imekaa tu, mikono mitupu, ikingojea data zifike.

Si muda peke yake unaopotea. Kuleta namba moja kutoka kumbukumbu iliyo nje ya prosesa kunaweza kula umeme mara mamia kuliko kuijumlisha namba hiyo na nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu pamoja na watu wa Google walipima simu na kompyuta ndogo zikifanya kazi za kila siku, kufungua kurasa, kuonyesha video. Wakakuta zaidi ya asilimia 60 ya umeme inaliwa na usafiri wa data tu, kuzitoa huku na kuzipeleka kule. Fikiria mtu wa chukudu anayetoka Kibumba na viazi. Zaidi ya nusu ya jasho lake inaishia barabarani kabla kiazi kimoja hakijaingia kwenye sufuria. Na yeye angalau ana mteremko.

Basi wahandisi walifanya nini? Waliacha kupanua mlango tu, wakaingiza majiko madogo ndani ya depo. Kampuni ya UPMEM ya Grenoble, Ufaransa, ilitengeneza vipande vya kumbukumbu ambavyo kila fungu la megabaiti 64 lina prosesa yake ndogo pembeni. Seva moja iliyojazwa vipande hivyo ina prosesa ndogo zaidi ya 2,500, kila moja ikifanyia kazi data iliyo mlangoni pake. Samsung ya Korea Kusini ilitangaza kumbukumbu yake yenye uwezo wa kuhesabu mwaka 2021, na SK hynix, ya Korea pia, ikafuata mwaka 2022. Hao si watu wa ndoto. Ni wafanyabiashara waliohesabu bili ya umeme.

Na utaratibu wenyewe una faida moja ambayo wapanga mipango ya misaada wangeikariri kama sala. Katika mpango wa zamani, ukiongeza data unaongeza msongamano mlangoni. Katika mpango mpya, kila ukiongeza depo umeongeza na jiko. Kazi inakua pamoja na mzigo. Kambi moja ikiwa kumi, vichwa vya kuhesabu navyo vinakuwa kumi. Mashini iliyo mbali haina bahati hiyo: familia zikizidi, wote wanasukumana kwenye mlango ule ule, na mlango wenyewe ni antena moja juu ya kilima.

Hapa mtu wa ofisi atacheka. Atasema prosesa 2,500 bila mkubwa ni fujo, kila moja itahesabu lake. Kicheko chake kina ukweli ndani, na anayetaka kubishana naye lazima aukubali. Kugawa kazi ni rahisi kusema, shida ni kuisimamia. Zile prosesa ndogo za UPMEM haziwezi kuulizana moja kwa moja. Ya huku haijui kitu kilicho kwa jirani yake. Ikitaka kujua, habari lazima ipande kwa prosesa kubwa kisha ishuke tena, yaani safari ile ile iliyokimbiwa inarudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2021 watafiti wa ETH ya Zurich, Uswisi, waliijaribu mashini hiyo kwa kazi za aina nyingi. Kazi ambazo kila prosesa inaweza kumaliza peke yake na data yake zilikwenda vizuri sana. Kazi zinazodai kuulizana kila dakika zilikwenda vibaya. Kuna na shida nyingine: fungu moja likipewa mzigo mkubwa kuliko mengine, wote waliomaliza wanakaa kumngojea yule mmoja aliyelemewa. Kwa hiyo akili yote iko katika kugawa: nini kiwekwe pamoja na nini, nani apewe kiasi gani, na habari ipi fupi ipande juu.

Kazi hiyo ya kugawa inawezekana hapa Kongo, na ushahidi uko katika kila kituo cha afya kuanzia Sake mpaka Kanyabayonga. Muuguzi anaandika wagonjwa katika rejista. Jina la mgonjwa, kijiji chake, ugonjwa wake, vyote vinabaki katika daftari lile, mezani pake. Mwezi ukiisha anahesabu mwenyewe: malaria wangapi, surua wangapi, akina mama waliozaa wangapi. Hesabu ile tu ndiyo inayopanda kwenda zoni ya afya, na nchi ina zoni zaidi ya 500, kisha kwenda jimbo na Kinshasa, ndani ya programu ya DHIS2 ambayo kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Rezo ikikatika wiki nzima, muuguzi hafungi mlango. Mtoto anapimwa, dawa inatolewa, mstari unaendelea. Hesabu itapanda ikipata njia. Muuguzi huyo wa kijijini, na kalamu yake ya bluu, anafanya kile ambacho Samsung imekitangaza kama ujuzi mpya.

Kwa nini basi mgonjwa wa malaria ahudumiwe bila rezo, na mwenye njaa ashindwe?

Wenye mashini wana majibu matatu, na yote yanastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu si ya kijinga.

La kwanza ni wizi. Wanasema orodha ikiachwa kwa watu wa hapa, majina ya wafu yatakula, na jamaa za wakubwa wataandikwa mara tatu. Hakuna mtu wa Goma anayeweza kuapa kwamba jambo hilo halitokei. Orodha zinanunuliwa, kila mtu analijua hilo. Lakini dawa ya wizi ni ukaguzi, na umbali haujawahi kuwa ukaguzi. Kompyuta ya ng'ambo haijui kama huyu mzee alikufa juzi. Nyumbakumi anajua. Majirani wanajua. Jina la uongo likishaingia kwenye seva ya mbali linapata heshima ambayo halikustahili, na mtu wa kweli aliyeachwa nje hana mlango wa kugonga, maana kila mfanyakazi anamwambia: "Si mimi, ni sistemu." Maneno hayo yameficha wezi wengi kuliko daftari lolote.

La pili ni kula mara mbili. Mtu achukue unga Lushagala asubuhi, jioni aende Bulengo. Ni kweli kwamba mashini mbili zisizoongea haziwezi kumkamata. Lakini ziongee kuhusu nini, na kwa urefu gani? Hapa ndipo hesabu inawaumbua wanaosema haiwezekani. Chukua kadi 100,000 zilizohudumiwa kwa siku, kila kadi ikiwa na nambari ya herufi 8. Jumla ni herufi 800,000. Picha moja ya simu ya kawaida huwa nzito kuliko hapo. Usiku, rezo ikiwa imetulia, kambi zinaweza kubadilishana orodha hiyo fupi ya nambari bila jina, bila picha, bila alama ya kidole. Rezo ikikataa kabisa, kijana wa moto anaibeba mfukoni katika kadi ya simu. Asubuhi kila mashini inajua nani alikwisha kupokea, na mstari unakwenda. Mtu mjanja atapita siku moja? Atapita. Ni mifuko mingapi ya unga ikilinganishwa na siku nzima ya mstari uliofungwa?

Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya mashirika ya kiutu tayari yana mashini zinazoweza kusoma kadi bila rezo, kisha kutuma hesabu baadaye. Hilo halifutii wengine kosa, linawazidishia. Jambo lililowezekana kwa mmoja halina sababu ya kuwa muujiza kwa jirani yake.

Jibu la tatu ndilo zito, na linagusa damu. Wanasema: data ikikaa Goma, wenye silaha wakiingia wataichukua. Baada ya Januari 2025 hakuna mtu anayeweza kulidharau neno hilo. Mji ulibadilika mikono katika siku chache, umeme na maji vikakatika, maofisi yakaporwa. Orodha yenye jina, kijiji cha asili, kabila la baba na nambari ya simu ikiangukia mikono mibaya inaweza kuwa orodha ya kuwinda watu. Anayesema tuweke kila kitu hapa bila kufikiri hilo, anacheza na roho za watu.

Lakini ng'ambo nako si mbinguni. Januari 2022 Halmashauri ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zenye data za watu zaidi ya 515,000 zilivamiwa na wadukuzi, wakiwemo watu waliotengana na familia zao kwa sababu ya vita. Seva hizo zilikuwa Uswisi. Waliozivamia hawakuhitaji bunduki wala kupita barabara ya Sake. Depo moja kubwa yenye majina ya wote ndiyo mali ambayo kila mwizi anaiota.

Kwa hiyo swali linaloitwa la usalama linarudi kuwa swali la kugawa. Mashini ya kambi haihitaji kujua kabila la mtu ili impe unga. Inahitaji nambari ya kadi, idadi ya midomo katika nyumba, na tarehe ya mwisho aliyopokea. Vitu vitatu. Vikifungwa kwa ufunguo, mwenye silaha akiiba mashini atapata namba tupu. Hadithi ya familia, walikotoka, waliyoyaona, vikae sehemu nyingine, na vingine visingeandikwa kamwe. Mara ngapi mkimbizi ameulizwa maswali arobaini kwa ajili ya kopo la mafuta? Kila swali lisilo na kazi ni mzigo unaosafirishwa bure, na ni hatari inayosafirishwa bure.

Kuna uchungu mwingine katika jambo hili, hata kama unatoka kidogo pembeni. Coltan ya Rubaya, huko Masisi, inakadiriwa kuwa kama asilimia 15 ya tantali yote ya dunia. Tantali iko ndani ya vifaa vidogo vinavyotuliza umeme katika simu na seva. Ndani ya diski nyingi za seva kubwa, vifaa hivyo hushika umeme wa sehemu ndogo ya sekunde ili umeme mkubwa ukikatika data isipotee. Mtu aliyekimbia Rubaya na godoro kichwani ameacha nyuma udongo ambao unalinda kumbukumbu za mashini za dunia. Halafu mashini hizo hizo zinamwambia kwamba jina lake halitoki.

Tangu Februari 2025 mambo yamekuwa magumu zaidi, na mpango wa mbali umeonekana utupu wake. Kambi zilizouzunguka mji wa Goma zilivunjwa au kuachwa katika siku chache. Mamia ya maelfu ya watu walitawanyika: wengine walirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wengine wakajibanza kwa jamaa mjini, wengine makanisani na mashuleni. Orodha zilizokuwa zimepangwa kambi kwa kambi, bloku kwa bloku, zikabaki zinaelezea mahali ambapo hapana mtu. Wahandisi wa kumbukumbu wanaijua shida hiyo vizuri. Data ikihama, mgawo wa jana haufai tena. Fungu moja linabaki tupu na lingine linafurika. Lazima mtu akae agawe upya, na atakayegawa vizuri ni yule anayeona watu walipo sasa.

Lakini kinachosikika mara nyingi ni neno lile lile: uandikishaji upya. Mstari upya, kidole upya, picha upya, siku tatu bila kwenda shamba wala soko, ili seva ya mbali ijue tena kile ambacho kadi ya zamani ingeweza kuieleza. Mwenye kadi hakupotea. Kilichopotea ni uhusiano kati ya kadi yake na mahali alipo, na hilo lingesahihishwa na mtu mmoja mwenye mashini moja, chini ya mti, akisoma nambari na kuandika jina la kijiji kipya. Herufi chache kwa kila familia. Kazi ya mchana mmoja kwa kijiji.

Wanaolipia mipango hii nao wana sehemu yao. Wanapenda kuona kila kitu katika kioo kimoja, rangi nyekundu na kijani, ofisini kwao, saa ile ile. Kioo hicho kinawapendeza. Lakini anayelipa gharama ya kioo ni mama wa mstari, anayesimama juani mpaka data yake ifike kwa watu wasiomngojea kwa haraka yoyote. Jumla ya jioni ingewatosha: leo familia kadhaa zimepokea, kadhaa zimekosa, unga umebaki kilo kadhaa. Muuguzi anatuma hivyo na Kinshasa haijalalamika.

Uandikishaji mwingine utakuja, kwa sababu huwa unakuja. Mashini zitashushwa kwenye gari, vijana wenye jile watapanga watu. Kabla ya kidole cha kwanza kuwekwa juu ya kioo, kamati ya wakimbizi na chefu wa kijiji wana haki ya kumwomba mkubwa wa kazi afanye jambo dogo mbele ya watu wote: azime rezo ya ile mashini, kisha asome kadi moja.